NANI AMEIBA SAMAKI WAKO? Safari ya kutoka Ngana hadi Matema

Ndugu msomaji, leo tunasafiri. Nauli hulipi. Shika gazeti lako, kaa mahali penye mwanga wa kutosha, twende.

Tunaanzia Ngana. Ngana iko upande wa magharibi wa Wilaya ya Kyela, Mkoa wa Mbeya. Karibu yake unapita mto Songwe. Ng'ambo ya mto huo ni nchi ya Malawi. Ukisema "Ugonile" upande huu, hata ng'ambo watakuitikia, kwa sababu Kinyakyusa na Kingonde ni lugha zinazosikilizana.

Mto Songwe una tabia moja mbaya. Hauridhiki na njia yake. Mvua kubwa zikinyesha, unavunja kingo na kujichimbia njia mpya. Mtu analala shamba lake likiwa Tanzania, anaamka mto umehamia upande wa pili wa shamba. Kwa sababu ya mambo kama hayo, Serikali za Tanzania na Malawi zina mpango wa pamoja wa kulitunza bonde la mto huu.

Ndege hawana habari na mpaka. Tazama kwenye ukingo ule mrefu wa udongo. Unaona matundu? Hizo ni nyumba za mdiria. Mdiria ni ndege mdogo, ana rangi nyeusi na nyeupe, na mdomo wake ni mrefu kama sindano ya kushonea magunia. Huchimba tundu katika ukingo na kutaga mayai ndani yake. Mto ukivunja ukingo, nyumba yake inakwenda na maji, kama ya kwako.

Sasa keti hapa na mshipi wako. Umetia mnyoo kwenye ndoana. Umesubiri saa nzima. Mdiria anapaa juu ya maji, anasimama hewani akipigapiga mabawa, kisha anajitupa chini kama jiwe. Anatoka na samaki. Anampigiza juu ya tawi mpaka afe, halafu anammeza. Wewe bado unasubiri. Hapo ndipo wavuvi wengi wanapokasirika na kusema, "Ndege huyu ananimalizia samaki wangu!"

Je, ni kweli? Tazama vizuri samaki aliyemkamata. Kwa kawaida hazidi urefu wa kidole chako. Samaki huyo usingempeleka nyumbani. Mkeo angekuuliza umwinjike kwenye chungu gani.

Mtaalamu mmoja, Heinz-Ulrich Reyer, aliwachunguza midiria hawa huko Kenya miaka ya 1970 na 1980. Aliwatazama katika Ziwa Naivasha na katika Ziwa Victoria. Aliona jambo la ajabu. Midiria wa kiume ambao hawana wake husaidia jirani kulisha watoto. Naivasha samaki walikuwa rahisi kupatikana, kwa hiyo baba na mama walimkubali mtoto wao mkubwa tu awasaidie. Mgeni alifukuzwa. Lakini Ziwa Victoria kazi ya kuvua ilikuwa ngumu zaidi, na hapo hata mgeni alikaribishwa. Kumbe hata ndege, shida ikizidi, huita watu wa msaragambo.

BWAWA LA PEREGE

Kabla hatujaondoka Ngana, tuseme jambo moja kuhusu bwawa. Mtoni na ziwani samaki ni wa wote, hata wa ndege. Bwawani ni tofauti. Wewe umechimba, umenunua vifaranga vya perege, umewalisha pumba. Hapo ndege akila, amekula mali yako. Na hapo wezi ni wengi: mdiria, korongo wa kijivu anayesimama kimya kama mti, kenge, na usiku fisi maji. Vyura nao hula vifaranga wadogo sana.

Korongo hawezi kuogelea kama bata. Yeye hutembea kwa miguu ndani ya maji. Kwa hiyo akikuta ukingo wa bwawa umelala taratibu na maji ni ya kifundo cha mguu, amepata meza. Chimba ukingo uwe wima, na maji yawe na kina cha nusu mita au zaidi hata pembeni. Funga kamba nyembamba kukatiza juu ya bwawa, zipishane. Ndege akishuka mabawa yanagusa kamba, anaogopa. Fyeka majani pembeni, maana kenge na nyoka hujificha humo. Ondoa mti mkavu ulioinamia maji. Mti huo ni kiti cha mdiria.

Na usilichimbe bwawa mbali na nyumba. Mbwa mmoja anayebweka usiku anafaa kuliko mitego kumi.

KWENYE MDOMO WA MTO

Sasa tuteremke. Tunapita Kasumulu, penye daraja la mpakani, na malori yanayosubiri kuvuka. Kisha tunaingia katika bonde la Kyela lenyewe. Unalijua: mpunga, kakao, migomba, michikichi, na mvua nyingi kuliko karibu sehemu zote za nchi yetu. Mito minne mikubwa inapita hapa kwenda ziwani: Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo.

Mvua zikianza, samaki anayeitwa mbasa hutoka ziwani na kupanda mito hii. Anapanda kwenda kutaga mayai penye changarawe na maji yanayokwenda kasi. Wavuvi wote wanajua. Ndege wanajua. Mamba naye anajua, tena anajua zaidi.

Hapa, ndugu msomaji, tusimame mbali kidogo na maji. Mamba ni mwizi wa samaki, lakini samaki si kitu anachotaka peke yake. Akikuta wavu wenye samaki wanaopapatika, anauvuta wote, anachana tundu ambalo mtu mzima anaweza kupita. Mvuvi akija asubuhi akaingia majini kuufungua wavu kwa mikono, mamba bado yuko karibu. Katika mito yetu na kwenye midomo yake watu wamepoteza viungo na wengine maisha kwa namna hiyo.

Kwa hiyo wavu uliokwama penye mamba, acha. Wavu unanunuliwa. Usitupe matumbo ya samaki mahali pale pale ambapo akina mama wanateka maji, maana unamfundisha mamba kuja hapo kila jioni. Usioge au kuteka maji mahali pamoja, saa ile ile, kila siku. Mamba huhesabu. Mamba akionekana mara kwa mara, toeni habari kwa serikali ya kijiji na kwa ofisa wa wanyamapori, yule ambaye wazee bado wanamwita Bwana Nyama. Mtu akijeruhiwa au akiuawa, habari itolewe haraka, kwa sababu kanuni za mwaka 2011 zinaruhusu familia kulipwa kifuta machozi, na ushahidi unatakiwa mapema.

Kuna wavu mwingine hapa mdomoni mwa mto ambao mamba hahusiki nao. Ni ule unaofungwa kutoka ukingo huu hadi ule, wakati mbasa anapanda. Mdiria akimla kifaranga amekula samaki mmoja. Wavu huo unamkamata mama pamoja na mayai yote tumboni. Nitaacha hapo. Kila mtu wa mwambao anamjua jirani yake anayefanya hivyo.

KWAZI NA MNANDI

Tumefika ziwani. Ziwa Nyasa lina urefu wa zaidi ya kilomita 500, na kina chake kinazidi mita 700. Samaki wake ni wa aina nyingi kuliko wa ziwa lolote lingine duniani. Kuna usipa, wale samaki wadogo wa kuanika. Kuna mbasa tuliyemsema, na kuna wale samaki wadogo wa rangi ya samawati na manjano wanaokaa kwenye mawe.

Sikiliza sauti ile kali inayotoka juu ya mti. Ni kwazi. Wengine humwita tai mvuvi. Kichwa na kifua ni vyeupe, tumbo ni la rangi ya kahawia, mabawa ni meusi. Zambia imemweka katika bendera yake. Ana nyayo zenye miiba midogo ili samaki asiteleze. Akimkamata samaki wa kilo mbili au zaidi hawezi kupaa naye vizuri, basi humburuta juu ya maji mpaka ufukoni.

Kwazi anaweza kuvua, na anavua vizuri sana. Lakini pia ni mnyang'anyi. Humvizia korongo, mwari au mnandi aliyekwisha kupata samaki, akamshukia kwa kelele mpaka mwenzake amwachie. Anapendelea hivyo kwa sababu mvuvi mwingine amekwisha kufanya kazi. Mimi nimewaona na watu wa aina hiyo, wala hawana mabawa.

Mtumbwini kwako kwazi hufika mara chache. Huchukua samaki anayeelea juu ya maji, aliyetoka wavuni au aliyetupwa. Na huko upande wa Malawi baadhi ya vijana wenye mitumbwi wamepata akili. Wanamtia samaki mdogo kipande cha tete ili aelee, wanapiga mluzi, kwazi anashuka kumchukua, na mtalii aliyelipa anapiga picha. Samaki mmoja mdogo aliyeibwa kwa namna hiyo ana bei kuliko samaki kumi wa kukaanga.

Mnandi ni mwingine. Ni yule ndege mweusi mwenye kifua cheupe anayekaa juu ya jiwe akiwa ametandaza mabawa kama nguo iliyoanikwa. Anayakausha kweli, kwa sababu manyoya yake huloa maji. Huzama na kuogelea chini akimfukuza samaki. Kwa siku anakula kama nusu kilo. Huko China na Japani watu walimfuga tangu zamani. Walimfunga uzi shingoni ili asimeze samaki mkubwa, naye akamletea bwana wake mtumbwini.

Mnandi anapoona wavu umejaa anaona sahani imeandaliwa. Tena hasara yake ni mara mbili, maana anaweza kunasa na kufia humo, na wavu ukachanika unapomtoa. Hapa mvuvi ana haki ya kulalamika. Dawa yake ni moja, nayo haipendwi na wavivu: tega jioni, tegua alfajiri kabla jua halijatoka. Mnandi huvua mchana, kwa sababu anatumia macho.

KUSOMA ALAMA

Sasa tupite Ipinda, twende mpaka Matema, chini ya Milima ya Livingstone. Hapa mchanga unakwisha na mawe yanaanza. Maji ni meupe, unaona mpaka chini. Maji haya ndiyo anayoyataka fisi maji.

Wengi wanamlaumu fisi maji na hawajamwona hata siku moja. Ni mnyama mrefu wa rangi ya kahawia, mkia wake ni mnene, anaogelea kama samaki. Katika ziwa letu wako wa aina mbili. Mmoja ni mdogo, ana madoa shingoni, chakula chake kikubwa ni samaki, naye anahitaji maji meupe ili aone. Mwingine ni mkubwa, vidole vyake vya mbele havina kucha, ni kama vidole vya mtu, na anapenda sana kaa.

Umejifunza kusoma gazeti. Basi jifunze na kusoma wavu. Vua wavu wako polepole, usiukusanye kwa hasira. Tazama.

Ukikuta kichwa cha samaki kimebaki wavuni na mwili umeng'atwa, mshuku fisi maji. Nenda kwenye mawe ya karibu. Ukiona kinyesi chenye magamba ya samaki na vipande vya kaa, umempata. Ukikuta samaki mzima mwenye jeraha la ndoana upande mmoja na mikwaruzo upande wa pili, huyo mnandi alimshika akashindwa kummeza. Mdomo wake una ncha iliyopinda. Ukikuta macho na tumbo vimedonolewa vipande vidogo vidogo, na nyama nyingine ipo, mwizi ni kaa, na kosa la wavu ni kulala chini muda mrefu. Tundu kubwa na maboya yamevutwa mbali, umekwisha kujua, usiingie majini.

Na ukikuta wavu ni mzima, safi, hauna samaki hata mmoja, hauna gamba, na fundo la kamba si lile ulilofunga wewe? Fisi maji hajui kufunga fundo. Mnandi hana mikono. Kwa maoni yangu, nusu ya mashtaka dhidi ya fisi maji yangefutwa kama wenye nyavu wangetazama mafundo yao. Kesi hiyo ipeleke kwa wenzako wa kikundi cha wavuvi cha mwaloni, au kwa ofisa wa uvuvi, Bwana Samaki.

SUMU

Ndugu msomaji, sasa tunafika mahali pagumu. Mtu aliyeibiwa mara tatu hutafuta njia ya mkato. Anasikia kwamba ukimpaka samaki sumu ya shambani na kumwacha juu ya jiwe, asubuhi utamkuta mwizi amekufa. Ni kweli, utamkuta. Lakini hutamkuta peke yake.

Sikiliza yaliyotokea kwa jirani zetu. Magharibi ya Kenya, karibu na Ziwa Victoria, kuna mashamba ya mpunga ya Bunyala. Ni nchi ya maji na mpunga kama Kyela. Baadhi ya watu huko walichukua dawa ya kuulia wadudu iitwayo Furadan. Waliitia katika konokono na katika nafaka, wakawawekea ndege. Makongoti, bata wa porini na njiwa walikula, wakaanguka. Watu hao walikuwa wanatafuta kitoweo, tena walikiuza. Yaani nyama ya ndege aliyekufa kwa sumu ilikwenda sokoni, ikapikwa, ikaliwa na watoto. Mambo hayo yalijulikana sana mwaka 2009 na miaka iliyofuata. Mwaka huo huo watengenezaji waliiondoa dawa hiyo katika maduka ya Kenya, kwa sababu ilikuwa imetumika pia kuua simba. Lakini watu waliokwisha kujifunza njia hiyo hawakuiacha mara moja.

Punje moja tu ya dawa ile inatosha kumuua ndege mdogo. Fikiri basi samaki mmoja aliyepakwa, juu ya jiwe la Matema. Fisi maji anakula nusu. Mwewe anachukua kipande. Mbwa wako anamkuta mwewe. Mvua inanyesha, jiwe linaoshwa, maji yanakwenda pale ambapo mtoto wa jirani anachota. Na kama nusu ya samaki yule imebaki, mtoto mwenye njaa haulizi ni ya nani.

Kuvua kwa sumu kumekatazwa na sheria ya uvuvi ya mwaka 2003. Kuua wanyama na ndege wa porini bila kibali kumekatazwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009. Lakini usingoje sheria. Ukikuta samaki wamekufa wengi mahali pamoja, au ndege wameanguka bila jeraha, usiokote. Usile, usiuze, usimpe mbwa. Zuia watoto, kisha mwite ofisa. Mtu akiisha kula na kuanza kutokwa mate mengi, kutapika, kutetemeka au kuona ukungu, mpeleke hospitali haraka, na uchukue kopo la dawa kama lipo ili mganga alisome.

UFUKONI LYULILO

Bado mwizi mmoja, naye yuko ufukoni. Usipa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na asubuhi huanikwa. Ukiwaanika juu ya mchanga unawakaribisha kuku, mbuzi, kunguru na mwewe, tena mlaji atatafuna mchanga. Fanya kichanja cha miti kinachofika kiunoni, tandika wavu mkuukuu chini, na wavu mwingine uuvute juu kama chandarua, usiguse samaki. Upepo unapita chini na juu, usipa wanakauka upesi, na mwewe anazunguka tu. Wavu uliochanwa na fisi maji unafaa sana kwa kazi hii.

Kama unaweza, panga safari yako ufike Jumamosi. Siku hiyo kuna soko la vyungu Lyulilo, karibu na Matema. Akina mama wa Kikisi huja na mitumbwi kutoka Ikombe na vijiji vya chini ya mlima, vyungu vimepangwa ndani kwa uangalifu, kimoja juu ya kingine. Watu wa bara wanashuka na ndizi na mchele. Vijana wanapokea mitumbwi. Chagua chungu chenye kifuniko kizito, ukigonge kwa kidole usikilize sauti yake, na uulize bei kabla jua halijawa kali. Samaki wako utamweka humo. Mwewe hawezi kufunua kifuniko. Paka, sina hakika.